Saruji ya Frère

Frère alikuwa hasalimii. Alikuwa anauliza. Ukifika ghalani Jumamosi asubuhi, hata glavu hujavaa, sauti inatoka nyuma ya nguzo: "Maman, ulikula? Bon. Na udongo, unalowa?" Ukijibu kwamba umekula lakini udongo bado, unaambiwa basi umekula bure. Sisi Wakongo tulimwita Frère kwa sababu alikuwa bruda wa misheni kwetu Katanga, akifundisha useremala na ujenzi. Wabelgiji waliojitolea pale ghalani walimwita Meester, yaani fundi mkuu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Mimi nilimfahamu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane, karibu na Likasi, naye ni mzungu mrefu juu ya pikipiki, rula imefungwa begani kama bunduki. Mara ya pili ilikuwa Schaerbeek, hapa Brussels, mlangoni mwa kanisa, baada ya misa, miaka karibu arobaini baadaye. Nywele zilikuwa zimemwisha, lakini sauti ni ileile. Alikuwa anauliza kila mama anayetoka kama anajua kukandika ukuta wa udongo. Wengi walijibu kwa kukasirika, maana nani alikuja Ulaya aulizwe habari za udongo? Mimi nikasema najua, mama yangu alinifundisha. Sikumwambia mama yangu ni nani. Nilitaka kwanza nione kama atakumbuka, na kama atakumbuka, nilitaka aseme neno moja tu: nilikosea. Nilimngojea miaka sita.

Ghala lenyewe ni la shamba la zamani upande wa juu wa Laeken, mwendo mfupi kutoka pale tramu inapogeuzia. Lina zaidi ya miaka mia tano. Paa linashuka karibu liguse nyasi, na ndani nguzo sita za mwaloni, tatu huku na tatu kule, zinabeba kila kitu. Katikati gari la kukokotwa na farasi liliingia na mavuno yake. Kandokando walikaa ng'ombe. Hakuna msumari hata mmoja. Kila mti umechomekwa ndani ya mwenzake, ukafungwa kwa kigingi cha mti. Na kuta? Kuta ni fito na udongo. Udongo, nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Siku ya kwanza nilipoingia nilicheka peke yangu kama mwehu. Nimepanda ndege, nimesafisha ofisi za Umoja wa Ulaya pale Schuman miaka kumi na saba, halafu naletwa kuonyeshwa nyumba ya bibi yangu, inalindwa na sheria ya serikali.

Frère hakucheka. Alidhani nimefurahi.

Alikuwa na tabia ya kugonga nguzo kwa kifundo cha kidole kila asubuhi, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa, halafu anaweka sikio. Chombo cha kupimia usawa chenye maji alikidharau. Aliamini timazi, kipande cha risasi kwenye uzi. Mfukoni mwa koti alibeba kichupa cha pilipili, akaitia kwenye mkate na dagaa wa kopo, na Wabelgiji wakimtazama anasema kwa Kiswahili, ili mimi tu nisikie: "Hawa bantu hawakukomaa." Sala yake ya kuanza kazi ilikuwa fupi kuliko chafya: "Baba, ona hii kazi. Amina." Akipigwa picha na waandishi alilalamika sana, lakini nilishamwona akichana ndevu kwa vidole kabla hawajafika, na alijua vizuri mwanga unaingilia wapi.

Kufundisha alifundisha kweli, hilo siwezi kumnyima. Ni yeye aliyenionyesha alama kwenye miti. Mafundi wa zamani walichonga ghala zima likiwa limelala chini uwanjani, wakaliunganisha, wakalifungua tena, ndipo wakalisimamisha. Ili wasichanganye, kila panapokutana miti miwili walikata alama kwa patasi: mikato miwili huku na miwili kule, mitatu huku na mitatu kule. Frère alizisoma kwa ncha za vidole, macho amefumba. "Kila mti inajua bwana yake," alisema. Ni yeye pia aliyenieleza kwa nini tundu za kigingi hazitobolewi sawasawa: fundi anaipotosha moja kidogo, makusudi, ili kigingi kikiingia kwa nguvu kivute mti mmoja kwa mwenzake. "Ukitoboa muzuri sana, maman, nyumba inalegea." Nilimwuliza kama hiyo ni kanuni ya ndoa pia. Akasema yeye ni bruda, hajui mambo ya ndoa, ila amesikia kelele zake kupitia ukuta.

Basi tulicheka. Sitaki mtu afikiri miaka sita nilinuna. Lakini kuna vicheko vinavyokwama nusu njia, na vyangu vilikwama kila aliposifu udongo. Alikuwa anashika bonge mkononi, analibonyeza, anasema hakuna kitu kinachopumua kama huu, hakuna kitu kinachotunza mti kama huu, wazee walikuwa na akili. Na mimi nakumbuka mtu huyuhuyu, na rula yake, amesimama mbele ya nyumba yetu.

Mama alikuwa anakandika nyumba yetu kila kiangazi. Wanawake wa jirani walikuja kumwomba awakandikie za kwao. Frère akaja na pikipiki, akamwambia baba, mama akisikia, kwamba nyumba ya udongo ni nyumba ya panya na ya watu wachafu, na kwamba misheni itatoa saruji kwa mwanamume anayetaka kuishi kama mtu. Baba alitaka kuishi kama mtu, nani hataki? Nyumba ikabomolewa kwa siku mbili. Frère mwenyewe alimimina sakafu ya ile mpya, na akimaliza alibonyeza ncha ya mwiko pembeni mara tatu, vitundu vitatu vya Baba, Mwana na Roho. Ndiyo ilikuwa sahihi yake. Shule nzima ya misheni ilikuwa na vitundu hivyo. Mama hakukandika tena. Akiulizwa na watoto wa watu anasema hajui kazi hiyo. Nilimsikia akisema hivyo kwa masikio yangu, na mpaka leo inaniuma.

Sasa nifike kwenye wiki ile.

Kamisheni inayosimamia majengo ya kale ilimtuma mhandisi kupima nguzo. Alikuwa mama wa makamo, mpole, anafuta viatu hata kwenye sakafu ya udongo. Alitoboa nguzo zote sita kwa keekee nyembamba, chini, juu kidogo tu ya udongo uliofunika miguu, mahali mtu anapoweza kuchuchumaa, na kila nguzo ikatoa unga mweusi. Barua ikaja: mti umezeeka, nguzo zote zimeoza, Alhamisi atarudi kuamua. Kila mtu alijua maana yake. Ghala lingefungwa kwa utepe mwekundu, halafu lingebomolewa kabla halijamwangukia mtu.

Frère aliisoma barua mbele yetu, akaikunja mara nne. "Mti iko kama muntu," alisema. "Siku yake ikifika, inafika." Nilimshangaa. Mtu aliyegombana na mvua miaka yote hiyo, leo anakubali kifo kama shangazi kwenye matanga.

Jumamosi, siku tano kabla ya Alhamisi, wengine hawakuja. Walikwisha kukata tamaa. Tulikuwa wawili tu, yeye juu ya ngazi, mimi chini nikibandua udongo mbovu karibu na nguzo ya mlangoni, na upepo ulikuwa unasukuma paa mpaka boriti zinalia. Chini ya udongo mwiko wangu ukagonga kitu kigumu. Nikachimba kwa mkono. Mguu wa nguzo ulitakiwa kusimama juu ya jiwe, mkavu, hewa inapita. Huu ulikuwa umevalishwa saruji kutoka kwenye jiwe mpaka gotini, halafu saruji ikafichwa kwa udongo. Nikaifuta kwa kitambaa. Pembeni kulikuwa na vitundu vitatu.

Nilikaa chini. Nakumbuka nilisikia ubaridi wa sakafu kupitia suruali na sikuinuka.

Nikaelewa yote kwa mara moja, maana mimi ni mtoto wa Katanga na najua kwa nini mtu angefanya vile. Kwetu nguzo ya mti ukiisimamisha bila saruji, mchwa wanaila kabla mtoto hajaota meno. Kila fundi wa misheni alivalisha miguu ya nguzo saruji. Ndiyo ilikuwa elimu. Aliporudi Ulaya, wazee wa shamba walipomwita asaidie, aliona nguzo zimekaa tu juu ya mawe, akaogopa kwa ajili yao. Akaleta dawa ya mchwa mahali pasipo na mchwa. Huku adui ni maji, na saruji ilishika maji ya mvua za miaka yote, ikaunywesha mti kidogo kidogo.

"Frère," niliita. "Hii ciment ni ya nani?"

Akajibu kutoka juu ya ngazi: "Ya zamani."

"Zamani ya wafalme ao zamani ya weye?"

Alishuka ngazi polepole, akaja, akatazama. Hakuinama. "Funika na udongo, maman."

"Mti haiko muzee, Frère. Inaoza tu hapa chini, sababu ya ciment. Madame anatoboa fasi ya mubaya. Umuambie."

"Ciment iko kwa miguu sita yote. Nimuambie nini?"

Sikuwa nimesema miguu sita. Nilikuwa nimeona mmoja. Ndipo nilipojua kwamba alijua, tena hakujua leo. Alijua tangu barua, labda tangu miaka mingi, kila asubuhi alipogonga nguzo na kuweka sikio. Alikuwa radhi ghala life kwa uzee kuliko ijulikane kwamba aliliua yeye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa anaficha maradhi ya mwingine.

"Kama hautasema Alhamisi," nikamwambia, "miye nitasema."

Akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa pikipiki. "Utasema nini, weye? Weye uko femme de ménage. Nani atakusikia?"

Ningeweza kumjibu kwa mwiko uliokuwa mkononi, na sioni aibu kuandika hivyo. Badala yake nikasema kile nilichokuwa nimekificha miaka sita. Nikamwambia jina la mtaa wetu pale Likasi. Nikamwambia baba alikuwa nani, na kwamba mama alikuwa mkandikaji, na kwamba alikuja akaita nyumba yake nyumba ya panya mbele ya mume wake. "Weye uliua nyumba ya mama yangu na ciment. Sasa unaua hii na ciment ileile. Na zote mbili unanyamaza."

Boriti ililia juu yetu. "Sikumbuki ile nyumba," akasema. "Zilikuwa mingi." Akachukua koti lake, akaondoka.

Siku nne nilisafisha ofisi nikiongea peke yangu. Mlinzi wa zamu alinishika mkono mlangoni, akaniuliza kama nina homa. Nilijua sheria ya dunia hii: nikisema, watamwuliza Meester, na Meester akikataa, basi ni kelele za mama wa usafi. Usingizi uliniruka kabisa.

Alhamisi watu walijaa. Mhandisi alikuja na msaidizi aliyebeba makopo ya rangi nyekundu ya kutia alama ya kubomolewa. Frère alikuwa amesimama mahali pake pa mwanga, ndevu zimechanwa, hanitazami. Mhandisi alizungumza vizuri, kwa huzuni ya kweli, kuhusu mti uliofanya kazi yake. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu, jambo ambalo Brussels watu wanapigiana simu kuambiana. Nikasogea mbele na nyundo na patasi, nikapiga magoti kwenye nguzo ya mlangoni. Mtu akaniambia niache, kwa Kifaransa, halafu kwa Kiflemi. Nikapiga. Pigo la tano kipande cha saruji kikaruka, na nyuma yake mti ulikuwa mweusi, laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Maji yakatoka. Si mengi, labda ya kujaza kikombe, lakini yalitoka baada ya wiki tatu za jua, na kila mtu aliyaona.

Mhandisi akachuchumaa kando yangu. Akagusa yale maji, akanusa. "Hii iliwekwa na nani?"

Nikainua macho. Frère alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimeapa nitasema, na kinywa kilifunguka, kikakataa. Si kwa huruma. Nilitaka itoke kwake, la sivyo haina thamani. Nikasema kwa Kifaransa changu chote: "Sijui, bibi."

Akasimama, akasema mguu mmoja unaweza kutibiwa, lakini mitano iliyobaki imeoza bila saruji, kwa hiyo, kwa masikitiko, uamuzi haubadiliki. Msaidizi akafungua kopo. Nilisikia kifuniko kikitoka.

"Bibi." Sauti ilikuwa ya chini sana hata nikadhani ni mtu mwingine. "Si mmoja. Ni yote sita. Ni mimi."

Frère alikuja katikati. Alishika nguzo, akajishusha, goti moja, halafu la pili, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaweka kiganja kwenye mti. "Saruji inafika hapa. Udongo nilipaka juu yake, ionekane nzuri. Ulitoboa kwenye mguu wangu mimi, hukutoboa kwenye mti wao. Toboa hapa."

Mhandisi akatoboa pale, shibiri mbili juu ya kiganja chake. Yakatoka makapi makavu, rangi ya asali, na harufu kali ya mwaloni ikajaa ghalani. Akatoboa ya pili. Akatoboa ya tatu. Kufikia ya sita alikuwa anacheka, msaidizi amekwisha kufunga kopo, na watu wanakumbatiana. Miguu iliyooza ingekatwa, mipya ya mwaloni ingeungwa, na kila mmoja ungekaa juu ya jiwe lake, mkavu. Nilipomtafuta Frère katika zile kelele, alikuwa ameondoka kwa mlango wa nyuma. Hakukanyaga tena pale. Hakuna aliyemfukuza wala kumsema vibaya, na nadhani hilo ndilo lililomshinda.

Simu zangu hakupokea. Nilikasirika, nikaapa sitapiga tena, nikapiga tena. Mwaka ulipita. Mafundi waliunga miguu, nami nikakandika kuta na wanawake watatu kutoka kanisani, walewale waliokataa mwanzoni.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, katika nyumba ya wazee huko Laeken. Mtawa mmoja aliniita, akasema mgonjwa anaomba "maman wa udongo". Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, blanketi mapajani. Hakuuliza kama nimekula. Nikajua mambo ni mabaya.

Tulikaa. Nikamweleza kazi ya miguu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, halafu akaniambia, macho dirishani: "Chini ilikuwa nyekundu. Kiasi hiki." Akainua mkono kutoka sakafuni. "Juu ilikuwa nyeupe. Na hapa, kwa mulango, alitia vidole. Vidole, vidole, vidole, kuzunguka mulango yote. Kama shanga."

Sikuwahi kumweleza mambo hayo ya nyumba yetu. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote.

"Ulisema haukumbuki."

"Nilidanganya. Toka kanisani nilijua weye ni mutoto wa nani. Sura ni ya mama yako." Akapumua. "Ilikuwa nyumba muzuri. Nilikuwa na rula, donc nilifikiri niko na akili. Iko muzima, mama yako?"

Mama yangu yuko hai. Ana miaka sabini na nane na anaishi Likasi katika nyumba ileile ya saruji, ambayo mwezi wa kumi inawaka joto na mwezi wa pili inavuja. Nilimwambia hivyo. Nilitaka imchome.

"Mupigie," akasema.

Nilikaa na simu mkononi. Niliogopa kwa ajili yake, kisha niliogopa kwa ajili ya mama, na mwisho nikagundua ninaogopa kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu miaka yote nilikuwa nadai deni la mama bila kumwuliza mwenyewe. Nikapiga. Nikaweka sauti ya nje. Kuku walilia kwanza, halafu mama.

"Mama, niko na Frère. Ule wa ciment."

"Ule wa pikipiki? Angali hajakufa?"

"Angali. Anataka kukuambia kitu."

Frère alijivuta mbele kwenye kiti. Nikamshikia simu karibu na mdomo. Akasema jina la mama, lile la ujanani, ambalo baba peke yake alilitumia, kisha akaanza upya. "Mama, nilikosa. Nyumba yako, ile nilivunja. Ilikuwa muzuri. Ilikuwa muzuri sana."

Kule Likasi nilisikia kuku, na mtu akifagia uwanja.

"Minajua," mama akasema. "Miye njo niliijenga."